Mpwa Wangu, Kazi Yako ni Maji

Kile kipande cheupe kilicho dirishani kwangu, ulichokuwa ukikichezea utotoni ukidhani ni gamba la kombe, hakikutoka baharini. Kilitoka ndani ya boila. Kishike ukitazame vizuri. Upande wa nje kina vinundu kama ukuta wa pango. Upande wa ndani ni laini, umepinda kwa duara la mrija wa inchi mbili na nusu, maana kiliung'ang'ania mrija ule mpaka kikachukua umbo lake. Unene wake ni kama sarafu tatu ukizipanga pamoja. Miaka yote hii nimekiweka pale, na ukimtoa mtu mmoja, sijamweleza yeyote kwa nini. Sasa mama yako kaniambia umepata kazi ya kuendesha boila, unaanza Jumatatu, na kwamba ulirudi nyumbani ukishangilia kwa sababu umeonyeshwa bana inavyowaka. Basi vuta kiti, mjomba wako akwambie.

Kila kijana anayeingia chumba cha boila huupenda moto. Hata mimi niliupenda. Feni inanguruma, unasikia ule mlipuko mdogo wa mafuta yakishika, unachungulia kwenye kitundu cha kioo na kuona ulimi wa njano umejaa tanuru zima, unajiona bwana. Lakini moto hauna siri. Ukizimika utajua papo hapo; ukiwaka vibaya dohani litatoa moshi mweusi na mtaa mzima utakupigia kelele. Kinachoua boila ni maji, na maji hufanya kazi yake kimyakimya, mahali ambapo hutaona mpaka siku ya kufungua.

Mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa reli kabla hajaja viwandani. Alikuwa msaidizi wa dereva kwenye zile injini kubwa za mvuke za Garratt, daraja la 59, zilizojengwa na Beyer, Peacock huko Manchester miaka ya 1950 na kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Zilikuwa 34, kila moja ikipita tani 250, kila moja na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mojawapo, Mount Gelai, imesimama mpaka leo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Ukimuuliza habari zake ungetegemea akusimulie nguvu na ukubwa. Wapi! Yeye alisimulia maji. Alikuwa akihesabu vituo kwa vidole: Mazeras, Mariakani, halafu Maji ya Chumvi. Hapo alikuwa akisimama. "Jina lenyewe limekwambia," angesema, "na wewe bado unataka kuchota?" Na ni kweli njia ile tangu mwanzo ilikuwa na vita na maji. Wajenzi wake walipoingia nyika ya Taru miaka ya 1890 walilazimika kuletewa maji kwa treni kutoka nyuma. Injini ya mvuke inaweza kuchoma kuni, makaa ya mawe au mafuta mazito, haibagui. Kwenye maji ndipo inapobagua.

Sisi wa Tanga tumekalia chokaa. Mapango ya Amboni unakopeleka wageni ni mwamba wa chokaa uliotobolewa na maji kwa miaka isiyohesabika, na yale mawe yanayoning'inia darini ni chokaa hiyohiyo ikirudi kutoka majini, tone baada ya tone. Mwamba mgumu vile unayeyukaje? Mvua inaposhuka ni maji laini. Ikipita hewani na kwenye udongo huchukua kaboni dayoksaidi, gesi ileile iliyomo kwenye soda, ikapata uchachu mdogo ambao ulimi wako hauuoni. Uchachu huo unatosha. Unayeyusha chokaa polepole, na maji yanapokuja kutoka kisimani ni maangavu, hayana harufu, pengine ni matamu kuliko ya bomba, lakini tumboni yamebeba kalsiamu na magnesiamu. Hayo ndiyo maji magumu.

Maji ya bomba ya mji wetu ni ukoo mwingine. Yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi unaoshuka kutoka misitu ya Amani, Usambara ya Mashariki, ambako mwamba ni wa kale, mgumu, hauachii chokaa nyingi. Ndiyo maana mama yako hahitaji maabara. Maji ya bomba, sabuni inatoa povu kabla hajamaliza kusugua kanzu ya kwanza. Ya kisima yanaikataa, sabuni inageuka utando wa kijivu unaokwama ukingoni mwa beseni. Usidhani lakini kila maji mabaya ni magumu. Maji ya miteremko ya Meru, yale yanayotia meno rangi ya kahawia kwa floraidi, mara nyingi yana chokaa kidogo tu. Ubaya wake kwenye boila ni mwingine, magadi yaliyomo huyafanya yatoe povu na kurukia ndani ya bomba la mvuke. Kwa hiyo usikopi desturi za kiwanda cha Arusha ukazileta Tanga. Jua maji yako yanatoka mwamba gani.

Ndani ya boila hutokea kilekile kinachotokea kwenye birika la chai, ila kwa haraka na kwa wingi. Maji yakichemka, ile kaboni dayoksaidi inatoka, na chokaa iliyokuwa ikishikiliwa nayo inakosa pa kukaa. Inaganda. Tena haigandi ovyo. Inatafuta pale penye joto zaidi, yaani kwenye chuma chenye moto upande wa pili. Kuna na ile ya salfeti, jamaa wa jasi, yenye tabia ya ajabu: sukari huyeyuka zaidi maji yakipata moto, yenyewe hufanya kinyume, maji yakizidi joto ndivyo inavyozidi kukataa kuyeyuka. Gamba lake ni gumu kuliko la kwanza. Na kuna silika, ambayo ni mchanga uliojificha majini; gamba lake ni kama kioo, ukilipiga nyundo linakujibu kwa mlio. Mafundi huyaita yote skeli. Mzee wangu aliyaita ukoga, kama ule wa meno, na nadhani alikuwa sahihi zaidi.

Shika jambo moja hapa, maana ndilo lenye hesabu. Mvuke hauondoki na mzigo. Unapanda mtupu, safi kama mvua, na kila kilichokuwa ndani ya maji unakiacha nyuma. Halafu pampu inaleta maji mengine yenye mzigo mwingine, nayo yanageuka mvuke, nao unaacha wake. Tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba tukiwa na nia njema, tukimsifu mtu anayeweka akiba. Boila nayo inaweka akiba, ila ya mawe. Fanya hesabu na mimi. Boila inayogeuza lita 2,000 kwa saa, saa 10 kwa siku, inakula lita 20,000. Kama kila lita ina miligramu 350 za ugumu, na visima vya kwenye chokaa hufika huko bila shida, basi kwa siku moja umeingiza kilo 7. Kilo 7 za chokaa, mpwa wangu, kila siku ya Mungu, kupitia bomba ambalo ukilitazama unaona maji maangavu. Siku 36 za kazi ni kilo 252. Mifuko mitano ya saruji, na kikombe cha chai juu yake.

Hesabu hiyo sikuitoa kitabuni. Ni yangu.

Nilikuwa mkuu wa shifti kwenye kiwanda cha sabuni, miaka ya themanini. Tulikuwa na boila ya mirija, moto unapita ndani ya mirija na maji yanaizunguka kwa nje, na tulipeleka mvuke moja kwa moja kwenye masufuria ya sabuni, kwa hiyo hakuna tone lililorudi. Kila lita ilikuwa ya maji mapya. Tulitumia maji ya bomba. Mwenye kiwanda akachoka na ankara, akachimba kisima uani. Siku maji yalipotoka tulichinja mbuzi. Maji baridi, maangavu, ya bure! Hakuna aliyesema tuyapime kwanza. Nami niliyepaswa kusema nilikuwa nashughulika na maini ya mbuzi.

Tulikuwa na mtungi wa kulainisha maji, sofna, na hata kwako utaukuta. Ndani yake kuna punje za rezini za rangi ya asali, ndogo kama mayai ya samaki. Kila punje imeshika sodiamu. Maji magumu yakipita, punje inaichukua kalsiamu na kuiachia sodiamu iende zake, na sodiamu haigandi kwenye mrija. Lakini punje hujaa. Zikijaa, maji yanapita kati yake kama mtu anayepita kituo cha ukaguzi saa ya chakula. Hapo lazima uzioshe kwa maji ya chumvi mengi, chumvi hii ya kawaida, ili zitapike kalsiamu zishike sodiamu upya. Kwa maji ya bomba tulikuwa tunaziosha kila siku ya tatu. Kwa maji ya kisima zilihitaji kuoshwa karibu mara mbili kwa siku. Kuosha kulichukua saa nzima na zaidi.

Nilijua. Hili ndilo sijamwambia mama yako. Kila shifti tulikuwa tunachukua maji yaliyotoka kwenye sofna, tunayatia kwenye kichupa, tunadondoshea sabuni ya kupimia na kutikisa. Povu likisimama, maji ni laini. Siku ya pili tu ya kisima, povu halikusimama. Nikatikisa tena. Halikusimama. Chumvi ghalani ilikuwa imebaki mifuko miwili, masufuria yalikuwa yanangoja mvuke, na kulikuwa na posho kwa shifti itakayozidisha katoni. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye daftari: maji safi. Kesho yake nikaandika tena. Baada ya wiki nikaacha hata kutikisa kichupa. Nikawa najaza mistari ya siku tatu nne kwa mpigo ili nisisumbuke.

Dalili zilikuja, wala hazikujificha. Kipimajoto cha dohani, kilichokuwa kikisoma nyuzi 210, kilipanda mpaka 230, 250, 270. Maana yake ni nyepesi: joto lililopaswa kuingia kwenye maji limekuta mlango umefungwa, linakwenda kuwapasha moto kunguru. Kila nyuzi 20 hivi zinazoongezeka pale, umetupa kama asilimia moja ya mafuta. Mimi nilikigonga kile kipimajoto kwa ukucha nikasema kimeharibika. Gari la mafuta likaanza kuja kabla ya siku yake. Nikasema dereva anatuibia.

Watu wa ofisini wakisikia skeli huuliza mafuta yamepotea kiasi gani, na kwao hilo ndilo kubwa. Gamba la milimita moja na nusu linaweza kula karibu asilimia nne. Sawa, ni fedha. Lakini wewe uliyesimama mbele ya boila, hiyo si hofu yako. Hofu yako ni chuma. Boila ya baa 10, maji yake yako kwenye nyuzi 184 hivi, na mrija safi hauendi mbali na hapo, japo moto ulio upande wa pili unapita nyuzi 1,000, kwa sababu maji yanaunyang'anya joto papo kwa papo. Maji ndiyo yanayoupoza. Weka gamba katikati, na gamba la chokaa hupitisha joto mara 20 au 30, hata zaidi, vibaya kuliko chuma. Mrija unabaki na joto lake. Ukipita nyuzi 400 na kitu unaanza kulegea kama mshumaa uliosahaulika juani, na presha ya baa 10 bado inausukuma.

Usiku mmoja wa wiki ya sita nilisikia kama kitu kinachokaangwa mahali ambapo hapakuwa na jiko. Mirija ilikuwa inalia. Maji yalikuwa yanachuruzika nyuma, pale mirija inapoingia kwenye bamba, yakidondokea motoni. Nilizima. Hilo ndilo jambo moja la heri nililofanya katika wiki zote sita. Boila ilipopoa, ikafunguliwa, niliingiza taa nikaona Amboni. Mirija haikuonekana kuwa mirija. Ilikuwa nguzo nyeupe, katikati baadhi zimeshikana kwa mawe. Juu ya tanuru chuma kilikuwa kimevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Watu watatu waligonga kwa nyundo na patasi siku tisa, wamejikunja ndani kama watoto tumboni, wanatoka weupe nyusi na kope. Mirija 40 iling'olewa. Hakuna aliyekufa. Kwa nini, sijui. Haikuwa kwa akili yangu.

Mhandisi alilifungua daftari. Aliposoma alikuwa anafuata mistari kwa kidole: safi, safi, safi, kalamu moja, mwandiko mmoja. Kidole kikasimama. Akanitazama, akanigeuzia ukurasa. Ilikuwa tarehe ya Idd. Kiwanda kilifungwa siku ile, mimi mwenyewe nilikuwa Pongwe kwa wakwe nakula biriani. Nimeandika: maji safi.

Akaniambia niondoke mbele yake. Nilingoja kufukuzwa. Lakini mambo ya ofisini yana njia zake: ripoti iliyokwenda juu ilisema chumvi iliisha ghalani na haikuagizwa, na aliyefukuzwa ni mtunza ghala. Mtu mwenye watoto wanne. Alikuja chumba cha boila kuaga, akatupa mkono mmoja mmoja, akanipa na mimi, nikaupokea. Mficha maradhi, wasema, kilio humfichua. Langu halikufichuliwa na kilio cha mtu, likabaki kwangu. Miaka kumi na mingapi baadaye nilimkuta sokoni Ngamiani anauza dagaa. Nikamwambia yote, hapo hapo, watu wanapita. Alinisikiliza huku anafukuza nzi kwa kipande cha boksi. Akasema, "Nilijua." Halafu akanipimia dagaa wangu, wala hakunizidishia wala hakunipunja.

Sasa sikiliza utaratibu.

Ukifika kazini, kabla hujatazama moto, nenda kwenye glasi ya maji. Usiiangalie tu, ijaribu. Ina koki tatu: ya juu ya mvuke, ya chini ya maji, na ya kutolea. Fungua ya kutolea, funga ya maji. Mvuke upige kwa nguvu. Fungua ya maji, funga ya mvuke, maji yapige. Kisha rudisha ya mvuke, funga ya kutolea, na maji yaruke mpaka mahali pake bila kusita. Yakipanda kwa uvivu, njia ya chini imeanza kuziba, na kinachoziba ni hiki hiki kilichopo dirishani. Ubaya wa kuziba kule ni kwamba glasi haiwi tupu, ambalo lingekushtua. Inajaa. Mvuke unapoa ndani yake unageuka maji, maji hayana pa kutokea, yanapanda taratibu, na wewe unaona glasi nzuri imejaa huku boila inakauka. Chemba ya boya la kuzima moto nayo ni vivyo hivyo, gamba na tope likiingia boya linakwama. Na ile plagi ya risasi iliyowekwa juu ya tanuru iyeyuke maji yakipungua, kama boila yako inayo, ikivishwa gamba usiitegemee. Umeona? Vitu vitatu vilivyowekwa kukulinda, skeli inavifumba macho vyote.

Na siku ukikuta glasi haina maji kabisa, umejaribu na hayarudi, usifungue maji. Zima moto, toa watu, ita mkuu wako, iache ipoe yenyewe. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke wa kawaida hutaka nafasi ya lita 1,600 na zaidi, na chuma chekundu hakitaipa muda wa kujadiliana.

Baada ya glasi, pima maji. Siku hizi mnatumia dawa ya matone. Unatia kwenye maji, yakiwa magumu yanakuwa mekundu ya zambarau kama juisi ya rozela, yakiwa laini yanakuwa ya buluu. Ni rahisi kuliko kichupa chetu cha sabuni, na ndiyo sababu nahofia utaliona ni jambo dogo. Pima maji yanayotoka kwenye sofna, na pima yanayoingia pia, hasa mvua za masika zikianza au pampu ya kisima ikibadilishwa. Sofna hupangwa kwa maji fulani. Maji yakibadilika, ratiba ya kuosha ibadilike siku hiyohiyo. Chumvi iwe safi. Ile ya mabwawa ya pwani yetu inafaa ikiwa imeoshwa vizuri, yenye tope itakuzibia punje. Na ikibaki mifuko mitatu usiseme kwa mdomo. Andika, upate sahihi.

Halafu kuna blodauni, kufungua valvu ya chini boila iteme tope lake. Wavivu huifungua mara moja kwa siku kwa muda mrefu. Ifungue mara nyingi, kwa muda mfupi, inatoa tope zaidi na maji kidogo. Sofna haiondoi chumvi, inabadilisha tu aina yake, kwa hiyo ndani bado kunakuwa kuzito kila saa. Boila za mirija kwa kawaida haziachwi zipite kama miligramu 3,500 kwa lita za vyote vilivyoyeyuka. Kipimo utapewa. Kama hukupewa, kiombe.

Kuhusu dawa za boila sitasema mengi, kila muuzaji ana yake na kila moja ina rangi ya kuvutia. Nitakwambia ya zamani tu, kwa sababu ipo jikoni kwenu. Bibi yako akipika maharagwe kwa maji ya kisima hutia magadi kidogo, la sivyo utakaa mpaka magharibi maganda hayajalainika. Ugumu wa maji ndio unaoyakomaza maharagwe, na magadi huitoa ile chokaa majini. Wazee wa boila walifanya hilohilo kwa magadi yaliyosafishwa, mfano wa yale ambayo kampuni ya Magadi, iliyoanzishwa mwaka 1911, imekuwa ikiyatoa kwenye Ziwa Magadi, Kenya. Chokaa ikikutana na magadi ndani ya maji inadondoka kama tope laini badala ya kuganda kwenye mrija, na tope unalitoa kwa blodauni. Ilisaidia sana. Lakini magadi yakipata joto kubwa hugawanyika: upande mmoja gesi inayosafiri na mvuke na kwenda kula mabomba ya kurudishia maji, upande mwingine soda kali inayojificha kwenye viungo vya chuma na kuvipasua. Ndiyo sababu wengi walihamia fosfeti. Dawa yoyote ni kwa ajili ya mabaki yaliyoponyoka sofna. Mtu anayekuuzia dawa ili usinunue chumvi, mpe chai aende.

Tindikali pia watakuletea, siku skeli ikiwa imeshashika. Chukua kipande chake kwanza, kikamulie ndimu. Kikitoa mapovu, ni chokaa ya kawaida na tindikali itaiyeyusha. Kikinyamaza, ni salfeti au silika, na mtamwaga tindikali bure huku ikila mirija. Na kazi hiyo ifanywe na wanaoijua, wenye ile dawa ya kukilinda chuma, milango wazi, hakuna sigara, kwa sababu tindikali ikikutana na chuma hutoa haidrojeni. Wewe kaa mbali, hata ukiambiwa ni ujasiri.

Mkuu wako atakuwa na haraka. Wote wana haraka. Sabuni, maziwa, mashuka ya hospitali, kila kitu kinangoja mvuke. Atakwambia osha sofna kesho. Usibishane naye mbele ya watu, na usimkatalie kwa sauti ya kijana aliyetoka chuo juzi. Mwambie, "Mzee, maji yamekuwa magumu, naandika hivyo." Halafu andika. Wengi wakiona kalamu imeshika karatasi hukumbuka kuwa saa moja ya kuosha si nyingi. Asipokumbuka, karatasi itamkumbusha mkaguzi wa OSHA, wale wa usalama mahali pa kazi, atakapokuja.

Kipande hiki nakupa, kichukue. Kiweke karibu na daftari la boila, na wakikuuliza waambie kimetoka kwa mjomba wako. Jumatatu fika nusu saa mapema, anza na glasi. Andika unachokiona kwenye kichupa, hata kikikuaibisha, kwa mkono wako na kwa saa yake. Na siku ya Idd, kiwanda kikiwa kimefungwa, uache mstari ule wazi.